Dhamana Isiyolipika Ni Kunyimwa Dhamana

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii imetoka kwa mtu msomi mwenye cheo chake: "Si alipewa dhamana? Kama ameshindwa kulipa, hiyo ni shida yake." Nimechoka kuijibu kauli hii mbiombio kwenye ngazi za mahakama, kwa hivyo naiandikia jibu hapa, nikiulizwa tena niwe natuma kiungo.

Mimi ni wakili katika shirika linalotoa msaada wa kisheria bila malipo hapa Mombasa. Wateja wangu ni mahabusu wa mahakama za mahakimu: wizi mdogo, vurugu, kuuza bidhaa bila leseni, ugomvi wa majirani. Wengi wao hawakunyimwa dhamana. Walipewa, na bado wako ndani.

Nimalize kwanza yale ya haraka. Dhamana si faini. Ni amana, na mshtakiwa akihudhuria kesi yake hadi mwisho hurudishiwa, awe na hatia au asiwe nayo. Kuachiliwa kwa dhamana hakumaanishi kesi imefutwa, wala si ushahidi kwamba hakimu amehongwa. Na ukilipa pesa za dhamana kituo cha polisi, dai risiti papo hapo. Ukiambiwa hakuna risiti, hiyo si dhamana.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Katiba ya 2010, Ibara ya 49(1)(h), inampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa bondi (ahadi ya kulipa kiasi fulani asipofika kortini) au dhamana, kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Hizo sababu nzito kila mtu anazikumbuka. Masharti yanayofaa hakuna anayeyakumbuka, ingawa kifungu cha 123 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai nacho kinasema kiasi cha dhamana kipangwe kwa kuzingatia mazingira ya kesi na kisipite kiasi.

Nenda ukasikilize korti Jumatatu asubuhi, siku ya waliokamatwa wikendi. Wamebanana kwenye benchi, kila mmoja ana dakika chache. Shtaka linasomwa, kijana anakana, kiongozi wa mashtaka anasema hana pingamizi kuhusu dhamana, na hakimu anaandika: bondi ya shilingi 100,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho hicho, au taslimu shilingi 50,000. Kesi itajwe baada ya wiki mbili. Anaitwa mwingine. Hakuna aliyemuuliza kijana yule anasukuma mkokoteni pale Kongowea kwa shilingi ngapi kwa siku.

Hapa ndipo panaponikera kupita kote. Lau hakimu angemnyima dhamana, ingebidi aandike sababu. Upande wa mashtaka ungetakiwa kuleta hati ya kiapo kueleza kwa nini mtu huyu azuiliwe, nami ningekuwa na kitu cha kukipinga. Lakini hakimu ametaja kiasi tu. Faili inasonga mbele ikisema mshtakiwa amepewa dhamana, ripoti za mahakama zitamhesabu miongoni mwa waliopewa, na yeye anapanda gari la magereza pamoja na walionyimwa. Tofauti yake na wao ni kwamba wao wanajua kwa nini wako ndani. Ni afadhali hakimu amnyime mtu waziwazi kuliko kumtajia kiasi ambacho kila aliyemo kortini anajua hakipati.

"Basi alete mdhamini." Mdhamini wa namna gani? Mwenye hati ya shamba au kitabu cha gari. Hati hiyo ifanyiwe upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, thamani yake ijulikane, ipatikane barua ya chifu, nakala za kitambulisho, picha za pasipoti, kisha mdhamini mwenyewe asimame mbele ya hakimu ahojiwe. Kila hatua ni nauli na siku moja bila kibarua. Na hapa ni Pwani. Kuna familia zimekaa vizazi na vizazi juu ya ardhi ambayo hazina hati yake, na kuna watu wana nyumba walizozijenga kwa jasho lao huku ardhi iliyo chini ni ya mwingine. Mtu wa namna hiyo ana nyumba, ana jamaa mtaa mzima, hana pa kukimbilia, na mahakamani anahesabiwa hana kitu.

Matokeo yake nayaona kila mwezi. Mtu amekaa rumande miezi miwili kwa kosa ambalo akikiri atapigwa faini ya shilingi 5,000. Anaambiwa na wenzake, kubali tu uende nyumbani. Anabadilisha jibu lake, ndugu wanachanga, anatoka na rekodi ya uhalifu. Wengine wamefanya hivyo kinyume cha ushauri wangu na siwalaumu. Ndugu wakishindwa kuchanga, kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinaruhusu hadi miezi mitatu jela kwa faini ya kati ya shilingi 2,501 na 15,000. Watu wawili, kosa moja, hukumu moja: mmoja analipa kwa simu na kurudi kazini, mwenzake anatumikia kifungo. Na Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayoruhusu mtu afanye kazi za umma badala ya kufungwa, tunayo tangu 1998!

Naambiwa wakiachiliwa watakimbia. Wateja wangu waliokosa tarehe, nikiwafuatilia, huwa walikosa nauli, au walisikia vibaya tarehe iliyotajwa haraka kwa Kiingereza.

Kuna mambo ambayo sina jibu lake safi. Mlalamikaji naye mara nyingi ni maskini. Mama aliyeibiwa simu akamwona mshtakiwa mtaani kesho yake ana haki ya kukasirika, na zipo kesi ambazo kumrudisha kijana mtaani ni kumpeleka mikononi mwa umati. Tena sijui kama kazi yangu inabadilisha korti au inawatoa watu mmoja mmoja tu. Nikipunguziwa kiasi leo, anayefuata bila wakili anatajiwa kile kile cha zamani. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika kule Arusha, kwa ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu kushangilia. Watu wanaendelea kukamatwa kwa kuonekana hawana shughuli.

Kwa hivyo, kama ndugu yako anafikishwa kortini, asingoje kuulizwa. Anyooshe mkono aseme anafanya kazi gani, anapata kiasi gani, ana watoto wangapi, anaishi wapi na tangu lini, na aombe yaandikwe. Aombe kuachiliwa kwa bondi yake mwenyewe bila mdhamini. Hakimu ana uwezo huo. Kama kosa adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita, aitaje Ibara ya 49(2), maana hapaswi kuwekwa rumande kabisa. Na kiasi kikishatajwa kisicholipika, iandikwe barua kwa Mahakama Kuu kuomba kipunguzwe chini ya kifungu cha 123(3). Barua hiyo haihitaji wakili. Ieleze namba ya kesi, kiasi kilichotajwa na kipato chake, na iende wiki hiyo hiyo.