Daftari lisilo na doa la damu

Wiki hii tena. Mtoto mwenye kisukari, ana miaka saba, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) imesoma 9.8, yaani juu mno, na kabla sijafungua mdomo wifi ya mama, aliyewasindikiza, akadakia: "Mwambie, nesi! Anamdekeza, anampa vitamu." Mama akainamisha kichwa.

Kisukari aina ya kwanza hakiletwi na pipi. Kinga ya mwili imeshambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, basi. Nimelisema hili mpaka koo limekauka.

Kinachonichoma zaidi ni imani ya pili, ambayo hata sisi wa kliniki tunayo: sukari ikipanda, mama ni mzembe. Nikafungua daftari lake. Miezi mitatu ya vipimo, vyote kati ya 6 na 8, kalamu moja, mwandiko umenyooka, hakuna hata doa la damu. Daftari la kweli lina madoa ya kidole kilichotobolewa, lina wino wa rangi tatu, lina siku zilizorukwa. Hizi zilikuwa namba za kupika, na alizipika kwa sababu alipoleta za kweli aligombezwa mbele ya foleni nzima. Sasa sisi tupange dozi kwa kutumia nini?

Nikamwomba wifi atupishe kidogo. Hapo ndipo mama aliposema. Usiku mmoja sukari ya mtoto ilishuka mno, hadi 2.4, shuka zimelowa jasho, anaitwa haitiki vizuri. Tangu siku hiyo humlaza na sukari ya juu, 14, makusudi kabisa, "ili asubuhi nimkute mzima." Na bado anaamka saa nane, anaamka saa kumi, anampapasa shingo gizani kutafuta jasho. Mwite mzembe huyo.

Tena hata angefuata kila kitu, namba ingeyumba tu. Homoni huipandisha sukari alfajiri, homa huipandisha, mbio za jioni zinaweza kuishusha usiku wa manane. Ukichoma sindano palepale kila siku, ngozi inafanya uvimbe na insulini hainyonywi sawasawa.

Vitabu vinasema mlezi apumzike. Vizuri. Nani apime saa nane? Mimi mwenyewe nikibadilisha dozi humwagiza apime usiku, kisha kwenye kikao hichohicho namwambia alale vya kutosha. Najisikia aibu kidogo. Wala siwezi kila mara kutofautisha uchovu wa mlezi anayehangaika na kisukari na sonona yenyewe. Naangalia kama sukari ikitulia na yeye anachangamka; asipochangamka namwelekeza kwa mshauri, na mara nyingine nachelewa.

Siku hizi, kabla ya daftari, nauliza: nyumbani nani mwingine anajua kuchoma sindano?

"Hakuna."

Nikamwita wifi arudi ndani. Nikampa bomba la sindano, kichupa cha maji na kipande cha sponji, nikamwambia avute yuniti nne. Mkono ukamtetemeka, akavuta hewa tupu mara mbili.

"Na nikikosea je?"

Mama akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka pale kliniki.