Boti inazima ukitia gia? Plagi zisubiri kwanza

Injini inanguruma vizuri mwaloni Mtera, lakini ukisukuma mkono wa gia inazima. Au gia inaingia, ila ukirudisha nyutro inakata. Wengi hununua plagi, kisha koili, kisha wanafungua kabureta, na ugonjwa unabaki palepale. Kwenye boti ya stendraivu, yaani injini imekaa ndani na mguu wa propela uko nje nyuma, gia ina mkono wake kwenye umeme wa plagi. Ndiyo maana kosa la gia hujivika sura ya kosa la moto.

Nazungumzia mguu wa MerCruiser Alpha One wenye injini ya kabureta. Bravo, mguu mwingine wa MerCruiser, hauhitaji mpango huu, kwa sababu klachi yake ni ya koni. Yamaha ya farasi 15 inayoning'inia nyuma ya mitumbwi mingi haina swichi ninayoieleza hapa.

Ndani ya mguu wa Alpha gia hushikwa na meno. Injini ikiwa inasukuma, meno hayo yanabanana kiasi kwamba huwezi kuyatenganisha kwa nguvu za mkono. Kwa hiyo juu ya injini, kwenye bamba la gia, kuna swichi ndogo yenye kigurudumu kilichokaa kwenye mfereji wa umbo la V. Ukivuta gia, waya wa gia (ule wa chuma wa kuvuta, si wa umeme) unakutana na ukinzani wa meno, mkono wa bamba unainama, kigurudumu kinapanda kutoka kwenye mfereji, na umeme wa koili unapelekwa bodi, yaani kwenye chuma cha injini. Plagi zinakosa moto kwa kitambo kidogo sana, meno yanalegea, gia inatoka. Kigurudumu kinarudi mahali pake na moto unarudi. Wewe unasikia injini imekwama kidogo tu.

Sasa fikiria waya unaotoka kwenye bamba hilo kushuka hadi kwenye mguu. Unapita nje ya boti, karibu na maji. Ganda lake likipasuka, maji yanaingia na chuma cha ndani kinashika kutu. Maji ya Mtera ni baridi, hayana ukali wa chumvi ya Dar es Salaam, lakini boti ikikaa kwenye trela kiangazi kizima, kutu na vumbi vinagandana ndani ya ganda. Bamba halijui tofauti ya ukinzani wa meno na ukinzani wa kutu. Linakata moto, na kwa kuwa waya haulegei, kigurudumu hakirudi. Injini inakufa.

Sikiliza inavyokufa. Ikikata ghafla kama umezima ufunguo, mshuku waya wa gia. Ikizama taratibu huku ikitetemeka, angalia sailensa (mzunguko wa injini bila kuongeza mafuta) na mafuta yenyewe. Kwa injini ya lita 3.0, sailensa ikiwa ndani ya gia iwe mizunguko 650 hadi 700 kwa dakika.

Anza kupima injini ikiwa imezimwa, ufunguo mfukoni. Chomoa kwenye bamba waya unaotoka kwa nahodha, kisha sukuma na vuta kwa mkono ule unaoshuka kwenye mguu, mwenzako akizungusha shafti ya propela ili meno yakutane. Unatakiwa uende laini. Ukikwaruza au kugoma, umeshapata jibu. Pima na ule wa nahodha pia, maana nao huzeeka.

Ukitaka uhakika, rudisha waya, vua propela, funga mpira wa maji kwenye mguu (pampu ya maji ikizunguka kavu inaungua upesi), washa feni ya chumba cha injini dakika 4 na unuse kama kuna petroli. Chomoa nyaya mbili za swichi, zifunge tepu kila moja peke yake, washa, tia gia kwenye sailensa. Isipozima tena, usikimbilie kubadili swichi: mara nyingi ni nzima, ilikuwa inatii waya mbovu. Wala usiiache imechomolewa. Siku unaingia mwaloni penye watu majini, gia itagoma kutoka mbele, na meno yataliwa.

Kubadili waya wa chini lazima mguu ushuke. Tia gia ya mbele kwanza, kisha fungua nati 6. Ukiwa umefika hapo, badilisha na mpira wa kukunjana unaozuia maji, pamoja na mpira wa pampu. Ukirudisha, kaza nati kwa Nm 68, halafu rekebisha waya hadi meno yaingie kikamilifu mbele na nyuma, na kwenye nyutro propela izunguke bure.

Kama hakuna moto kabisa, hata nyutro, pima kwanza volti 12 kwenye upande chanya wa koili ufunguo ukiwa umewashwa. Zikiwepo, chomoa waya wa swichi ya gia kwenye upande hasi. Moto ukirudi, waya huo umechubuka na unagusa bodi, au swichi imeganda. Usiporudi, hapo ndipo uende kwenye koili na distribyuta.

Na ukienda kutafuta spea Dodoma mjini, kataa distribyuta, stata au altaneta ya gari hata ikikaa sawasawa. Za boti zimezibwa ili cheche isitoke nje. Chumba cha injini ya boti hakina upepo wa chini kama gari, na mvuke wa petroli hutulia humo humo.