Sandwichi ya pastrami: dhana potofu na ukweli wake

Deli ni mkahawa uliozaliwa na Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki, na chakula kinachoupa jina ni sandwichi ya pastrami, yaani nyama ya ng'ombe iliyokolezwa chumvi na viungo kisha ikafukizwa moshi, ndani ya mkate wa rai, nafaka iliyo jamii ya ngano. Sifa zake zimevuma, na uvumi nao umezaa mengi yasiyo kweli. Wageni wengi huisifia kwa kitu kisichostahili sifa na kuilaumu kwa kisicho kosa. Kwangu mimi cha kupima ni nyama, kisha mkate. Mengine yanafuata nyuma.

Dhana: Nyama ikirundikwa sana ndiyo sandwichi bora.

Carnegie Deli ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1937 na kufunga milango mwishoni mwa 2016, ilijulikana dunia nzima kwa minara ya nyama ambayo hakuna mdomo ungeweza kuizunguka. Watalii walipiga picha, wakala kwa uma, na mkate ukabaki sahanini. Ukishaanza kula kwa uma, hapo hakuna tena sandwichi. Kipimo sahihi ni tonge moja: mkate, haradali na nyama viingie kinywani kwa pamoja.

Dhana: Nyama laini ni ile iliyokatwa nyembamba kwa mashine.

Hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi, maana wembamba huficha ugumu. Nyama iliyotolewa kwenye mvuke kabla ya wakati bado inavutana, na mashine ikiikata kama karatasi, meno hayatagundua. Iliyopikwa sawasawa haihitaji ujanja huo.

Tazama safari yake. Kipande cha ng'ombe chenye mafuta hulazwa kwenye maji ya chumvi yenye viungo kwa siku nyingi. Kikitolewa hupakwa giligilani na pilipili manga zilizopondwa, pamoja na kitunguu saumu, kisha hufukizwa moshi. Mwisho hupikwa kwa mvuke muda mrefu, hadi zile nyuzi ngumu zinazoshikilia misuli ziyeyuke na kuwa utelezi mtamu. Nyama ya namna hiyo ikiwekwa kwenye mashine hupukutika, ndiyo maana Katz's, deli ya Houston Street huko Manhattan iliyoanzishwa 1888, hukata kwa mkono. Mkataji husimama nyuma ya kaunta na kisu kirefu, akikata kwa kukingamana na nyuzi za nyama, na mara nyingi humwekea mteja kipande kwenye kisahani aonje kabla ya kuagiza.

Kipande hicho kichunguze. Ukingo wake uwe mweusi kwa viungo, katikati pawe pekundu, na mafuta yawe yamelegea hadi kukaribia kupenya mwanga. Kiinue kwa vidole viwili: kikianza kuachana chenyewe kwa uzito wake, kimeiva. Kikining'inia kama mkanda, kilihitaji mvuke zaidi. Na usiombe kisicho na mafuta hata chembe. Utapewa nyama kavu, na kosa halitakuwa la mpishi.

Dhana: Wekundu ule ni dalili ya nyama mbichi.

Si kweli. Ni kazi ya nitriti iliyomo katika chumvi ya kuhifadhia, ambayo huipa nyama rangi isiyopotea hata ikipikwa saa nyingi.

Dhana: Pastrami na "corned beef" ni kitu kimoja, tena ni kama nyama ya kopo.

Waliokulia Tanzania enzi za Tanganyika Packers pale Kawe wanalijua jina "corned beef" kwenye kopo, hivyo si ajabu wakilikuta kwenye menyu wakategemea nyama iliyosagika. Ya deli ni kidari kizima cha ng'ombe, kilichokaa kwenye maji ya chumvi kisha kikachemshwa taratibu. Hakipiti motoni kupata moshi. Pastrami hupita, na kwa desturi hutoka sehemu yenye mafuta zaidi ya chini ya kifua kuelekea tumboni. Wayahudi wa Romania ndio walioileta Marekani. Kwao waliitengeneza hata kwa nyama ya bata bukini, lakini New York ng'ombe alikuwa rahisi zaidi kwa bei. Nguruwe hayumo katika chakula hiki.

Dhana: Deli yoyote ya Kiyahudi ni kosher.

Hili nalisisitiza, hasa kwa Waislamu wanaoona neno "Kiyahudi" mlangoni wakatulia. Kosher ni sheria ya Kiyahudi ya chakula: namna ya kuchinja, kutoa damu kwa chumvi, kutochanganya nyama na maziwa, na msimamizi wa kuhakikisha hayo yote. "Mtindo wa Kiyahudi" ni ladha na desturi tu. Katz's si kosher. Ushahidi wa wazi ni sandwichi iitwayo Reuben, ambayo ina "corned beef", kabichi iliyochachushwa na jibini. Torati, katika Kutoka 23:19, inakataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na kutokana na aya hiyo marabi walikataza kabisa nyama na maziwa kuliwa pamoja. 2nd Ave Deli, iliyoanzishwa 1954, yenyewe ni kosher, kwa hiyo jibini halisi halitapatikana humo. Anayejali uchinjaji aulize cheti. Harufu ya pastrami haimwambii lolote.

Dhana: Mkate wa rai lazima uwe mweusi na mzito.

Wa deli ni mweupe kiasi, kwa sababu unga mwingi ndani yake ni wa ngano, na una mbegu za kisibiti. Kinachotakiwa ni ganda linalolia ukiling'ata na katikati laini isiyolowa upesi. Langer's ya Los Angeles huurudisha mkate ovenini kabla ya kuukata, na tofauti inasikika kwa sikio.

Dhana: Pastrami ikiwekewa kingine zaidi ya haradali ni ya uongo.

Haradali ndiyo chaguo langu: ukali wake hukata mafuta, wakati mayonezi huongeza mafuta juu ya mafuta. Lakini hiyohiyo Langer's, iliyofunguliwa 1947, inasifika zaidi kwa sandwichi namba 19, yenye pastrami, jibini la Uswisi, saladi ya kabichi na mchuzi wa Kirusi, ule wa mayonezi. Kosher si kosher, lakini nyama yake hukatwa kwa mkono, nene, na inalegea kinywani. Anayeitupa kwa sababu ya jibini amepima orodha ya vitu, hajapima sandwichi.