Insulini hupiga hodi, mwenyeji ndiye hufungua

Kliniki ya kisukari swali hili halikosekani: "Daktari, mwezi wa pili huu nakunywa chai bila sukari, mbona asubuhi kipimo cha sukari kwenye damu bado kiko juu, kinasoma 11 (mmol/L)?" Swali zuri, na jibu lake liko mlangoni mwa seli.

Ukila ugali au wali, wanga huvunjwa kuwa glukosi, nayo huingia kwenye damu. Kongosho hulitambua hilo na kumwaga insulini. Tumezoea kuiita insulini ufunguo. Mimi naiona kama mgeni apigaye hodi, maana ujumbe wake hufika ndani hata yeye akibaki nje. Kwenye utando wa seli ya msuli kuna protini inayoitwa kipokezi: kichwa nje, mkia ndani. Insulini ikishika kichwa, mkia huamka, hujibandika chembe za fosfeti, huiamsha protini ya jirani, nayo ya pili yake, mpaka habari zivifikie vifuko vilivyohifadhi milango ya glukosi, GLUT4. Vifuko husogea hadi kwenye utando, milango hupachikwa, glukosi huingia. Ni kazi ya dakika chache tu.

Kwenye kisukari cha aina ya kwanza mgeni mwenyewe hayupo: kinga ya mwili imeziharibu seli zinazotengeneza insulini. Aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, hodi inapigwa ila ndani wanaitika kwa uzito. Mafuta yaliyorundikana kwenye misuli na ini huvuruga ule mnyororo wa habari. Kongosho huongeza insulini mwaka baada ya mwaka, hadi linachoka. Ini nalo, lisiposikia hodi, huendelea kutoa sukari yake usiku kucha. Ndiyo ile 11 ya asubuhi, kabla hujatia kitu mdomoni.

Lakini msuli una mlango wa uani. Ukifanya kazi, wenyewe huleta GLUT4 juu bila kungoja insulini. Ndiyo maana nawahimiza wagonjwa wangu watembee baada ya kula, hata dakika 15.

Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, kidonge kinacholisukuma kongosho kumwaga insulini, apime sukari kwanza, na awe na pipi mfukoni. Milango yote miwili ikifunguka kwa pamoja, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho jembamba, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika. Hapo ale pipi papo hapo, akae, apime tena baada ya dakika 15.