Maana ya kuwa beki wa madaraja ya chini Uingereza

Beki wa madaraja ya chini ni mchezaji wa kulipwa anayejipatia riziki kwa kulinda lango la klabu iliyo mbali na Ligi Kuu ya Uingereza, hasa katika League One na League Two, ambayo ni daraja la tatu na la nne, pamoja na National League iliyo chini yake. Championship nayo iko chini ya Ligi Kuu, lakini fedha zake ni nyingi kiasi kwamba mashabiki wengi wanapotaja madaraja ya chini huwa wanaanzia la tatu.

Kazi yake ni nzito kuliko inavyoonekana katika ukurasa wa matokeo. League One na League Two zina klabu 24 kila moja, hivyo msimu mmoja una mechi 46 za ligi, mbali na zile za vikombe, na mara nyingi timu inayocheza Jumamosi hurudi uwanjani usiku wa Jumanne. Mipira mirefu, kona na mipira ya kurusha inayoelekezwa ndani ya boksi ni sehemu kubwa ya mchezo, na beki wa kati hutakiwa kushinda mipira ya vichwa mara kwa mara dhidi ya mshambuliaji mwenye uzito unaolingana na wake. Kwa sababu hiyo makocha wa ngazi hii huthamini sana beki anayepatikana kila wiki, na kipimo kinachosema mengi kuhusu maisha yake ya soka ni idadi ya mechi alizocheza, kuliko vikombe au ada ya uhamisho.

Mfano ulio wazi ni John Trollope, beki wa kushoto wa Swindon Town, ambaye kati ya 1960 na 1980 aliichezea klabu hiyo mechi 770 za ligi, na hakuna mchezaji mwingine katika ligi za Uingereza aliyefikia idadi hiyo akiwa na klabu moja. Alikuwa kikosini mwaka 1969, Swindon ilipokuwa daraja la tatu na ikaifunga Arsenal mabao 3-1 katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Hata hivyo, maisha ya namna hiyo ni nadra sasa, na sababu kubwa ni mikataba.

Kijana anayelelewa katika akademi hupewa mafunzo ya miaka miwili anapofikisha umri wa miaka 16, kisha klabu huamua kumpa mkataba wa kulipwa au kumwacha. Anayebakishwa hukopeshwa kwa klabu ndogo zaidi ili apambane na watu wazima, huku klabu yake ikiendelea kumiliki mkataba wake na kukubaliana na klabu inayomkopa jinsi ya kugawana mshahara. Haji Mnoga, aliyezaliwa Portsmouth mwaka 2002 na anayeichezea Taifa Stars, alipita njia hiyo hiyo: alilelewa na klabu ya mji wake, akapelekwa kwa mkopo katika klabu kadhaa, zikiwemo Bromley, Gillingham na Aldershot, kisha akajiunga na Salford City. Msomaji anayeona mikopo mingi katika wasifu wa beki kijana asidhani moja kwa moja kwamba klabu yake haimtaki, kwa maana hapo ndipo kazi yenyewe inapofundishwa.

Kwa beki aliyekomaa, mwezi mgumu ni Mei. Msimu unapokwisha, klabu hutangaza orodha ya wanaobaki na wanaoachwa, na kwa kuwa mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili na humalizika Juni 30, mtu mwenye watoto shuleni anaweza kujikuta hana kazi baada ya msimu mzuri kabisa, pengine kwa sababu tu timu imeshuka daraja na bajeti imepunguzwa. Hukumu ya mahakama ya Ulaya katika kesi ya Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, mwaka 1995, ilifungua njia kwa mchezaji kuwa na uhuru wa kuondoka bila ada mkataba wake unapokwisha. Ninaona kwamba uhuru huo, ambao ni haki yake, umewanufaisha zaidi nyota wanaogombewa, ilhali beki wa League Two hukutana nao kama kipindi cha kungoja simu ya kocha.

Wapo wanaopanda. Dan Burn alianzia Darlington, akasajiliwa na Fulham, akakopeshwa Yeovil Town na kufunga katika fainali ya mchujo ya mwaka 2013 iliyoipeleka klabu hiyo Championship, na mwaka 2025, akiwa na Newcastle United, alifunga bao la kichwa dhidi ya Liverpool katika fainali ya Kombe la Ligi. Graham Alexander, aliyeanzia Scunthorpe United, alifika Ligi Kuu kwa mara ya kwanza na Burnley mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 37, na alipostaafu alikuwa amevuka mechi 1,000. Hao hutajwa kwa sababu ni wachache, na haifai kuwatumia kuwapima wengine, kwani beki aliyecheza mechi 300 katika League Two amefaulu katika kazi ambayo vijana wengi wa akademi hawaipati kabisa.

Wengi husomea ukocha wakiwa bado wanacheza, na ujuzi wa kuipanga safu ya ulinzi huwasaidia huko. Alexander mwenyewe alirudi katika ngazi hizo hizo kama kocha, akaipandisha Fleetwood Town hadi League One mwaka 2014 na Bradford City mwaka 2025.