Upotoshaji wa kutoka nje ni nini, na serikali huunasaje?

Uvumi hauna mwenyewe: huzuka kwenye stendi ya boda, ukafika sokoni, ukapoa. Upotoshaji wa kutoka nje una mwenyewe. Ni uongo, au ukweli uliokatwakatwa, unaotungwa na dola ya kigeni au vibaraka wake na kupenyezwa kwa siri, ili wananchi wa nchi nyingine wadhani ni maneno ya wenzao.

Mfano unaotuuma sisi wa Uganda ni wa ukimwi. Mwaka 1983 gazeti moja la India lenye uhusiano na Moscow lilichapa barua isiyo na jina, iliyodai kwamba ugonjwa huo ulitokana na majaribio ya jeshi la Marekani. Baadaye majasusi wa Kisovieti waliieneza hadithi hiyo katika nchi nyingi, za Afrika zikiwemo. Mwaka 1992 mkuu wa ujasusi wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikiri kwamba majasusi hao walihusika. Miaka hiyo ya uongo huo, wilaya yetu ya Rakai ilikuwa inazika vijana wake kwa ukimwi. Vijiji vilihitaji neno la kweli kuhusu kujikinga, vikaletewa hadithi ya maabara.

Wachunguzi wa leo huanza na mwenendo kabla ya maudhui. Je, akaunti hizi zilifunguliwa siku moja? Zinarusha maneno yaleyale dakika zilezile? Tovuti zinatumia seva moja, yaani kompyuta moja inayozihifadhi? Kitengo cha Ufaransa kiitwacho VIGINUM, kilichoundwa 2021, kilianika Februari 2024 mtandao wa tovuti 193 zilizosambaza propaganda ya Urusi. Kazi ngumu zaidi ni kumthibitisha aliye nyuma, maana mlipaji hujificha kwa mawakala. Akijulikana, ushahidi hutolewa hadharani, akaunti hufutwa, na vikwazo huweza kufuata.

Kuzima intaneti ni jambo jingine kabisa. Januari 2021 Facebook ilifuta akaunti ilizosema zinahusiana na wizara ya habari ya Uganda. Serikali ikailaumu kwa kuingilia uchaguzi, ikaifunga. Usiku wa kuamkia kura ya tarehe 14, intaneti yote ikazimwa. Kwangu mimi huko si kunasa upotoshaji. Mwenye kutunga uongo akiwa ng'ambo bado ana mtandao wake. Aliyenyamazishwa ni mwandishi wa Gulu au Mbale ambaye angeweza kuukanusha saa ileile.