Dhana potofu kuhusu ubongo, homoni na jeni katika tabia zetu

Anayeanza kusoma saikolojia hukutana mapema na sura ya ubongo, homoni na jeni, na mara nyingi huifungua akiwa na majibu tayari, aliyoyaokota kwenye video fupi na semina za mafanikio. Majibu hayo yana kasoro inayojirudia: kila tabia hutafutiwa mhusika mmoja. Furaha hupewa kemikali yake, hasira jeni yake, ubunifu upande wake wa ubongo. Baadhi ya dhana hizi nitazipitia upesi kwa sababu hazistahili zaidi.

"Tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo"

Hapana. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia. Viumbe hawagharamii hivyo kitu kilicholala bure. Ni kweli kwamba seli zote za neva hazifanyi kazi kwa mpigo mmoja, na ni heri: kundi kubwa la seli hizo likifyatuka kwa pamoja pasipo mpangilio, matokeo yake ni kifafa wala si kipaji.

"Mimi ni mtu wa ubongo wa kulia"

Dhana hii ina mbegu ya ukweli, ndiyo maana haifi. Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, aliwachunguza watu waliokatwa fungu kubwa la nyuzi za neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Walikuwa wamefanyiwa upasuaji huo ili kupunguza kifafa kikali. Mgonjwa aliambiwa akodolee macho nukta katikati ya skrini, kisha picha ya kijiko, tuseme, ikamulikwa upande wa kushoto kwa chini ya sekunde. Umeona nini? "Sijaona kitu." Haya, papasa kwa mkono wa kushoto nyuma ya pazia uchague kimojawapo. Mkono ukatoka na kijiko. Kinachoonekana kushoto hupelekwa nusu ya kulia, ambayo ndiyo inayouongoza mkono wa kushoto, ilhali kusema kwa watu wengi kunategemea nusu ya kushoto, na hapo njia ya kupeana habari ilikuwa imekatwa.

Kwa hiyo nusu hizo zina kazi zinazotofautiana. Kisichothibitishwa ni kwamba kuna binadamu wa upande huu na binadamu wa upande ule. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walipopitia picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, hawakuona watu ambao mitandao yao kwa jumla ilikuwa na nguvu zaidi upande mmoja. Kwa mtu ambaye hajakatwa nyuzi hizo, habari huvuka kutoka nusu moja hadi nyingine kwa sehemu ndogo ya sekunde.

"Ukiumia sehemu ya mbele ya ubongo, utu umekwisha"

Ushahidi unaoletwa kila mara ni Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya kupasua miamba kwa ajili ya reli huko Vermont, Marekani. Mwezi Septemba 1848 baruti ililipuka, na nondo yenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi ikampenya chini ya shavu la kushoto na kutokea utosini. Alipona. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba Gage aligeuka mtu wa matusi na papara, asiyeshika mpango wowote.

Hadithi nyingi huishia hapo, na kwa maoni yangu ndipo zinapomdhulumu mwanafunzi. Gage aliishi karibu miaka 12 zaidi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa Chile akiendesha magari ya abiria ya kukokotwa na farasi. Kazi hiyo humtaka mtu aamke kwa saa, azimudu hatamu kadhaa kwa pamoja na avumiliane na abiria. Mtu asiyejizuia hata kidogo asingedumu nayo. Jeraha lilimbadilisha, hilo halina ubishi, lakini mabadiliko hayo yanaonekana kuwa yalipungua kadiri alivyozoea maisha yenye ratiba.

"Dopamini ni kemikali ya raha"

Hii ndiyo inayotajwa sana siku hizi, na ndiyo iliyopotoshwa zaidi. Chanzo chake ni cha heshima. Mwaka 1954, huko Montreal, James Olds na Peter Milner waligundua kwamba panya aliyewekewa waya katika maeneo fulani ya ubongo angeminya kitufe tena na tena ili apate mshtuko mdogo wa umeme. Wengi wakahitimisha kwamba kituo cha raha kimepatikana, na dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za neva, ilipoonekana kuhusika na njia hizo ikapewa cheo hicho.

Kisha Kent Berridge na wenzake wakajaribu kinyume chake. Panya walioharibiwa karibu seli zao zote za dopamini waliacha kutafuta chakula. Wangekufa kwa njaa chakula kikiwa mbele yao. Lakini walipodondoshewa sukari mdomoni, walilamba midomo kama panya wengine wanaoonja kitamu. Kuonja utamu kulibaki. Kilichopotea ni ile nguvu ya kuufuata.

Naye Wolfram Schultz alisikiliza seli za dopamini za nyani, mojamoja. Tone la juisi lilipokuja bila kutarajiwa, seli zilifyatuka. Nyani alipojifunza kwamba taa hutangulia juisi, seli zikaanza kufyatuka taa inapowaka, na juisi yenyewe haikuzishtua tena. Taa ikiwaka na juisi isije, shughuli ya seli ilishuka chini ya kawaida, tena wakati uleule juisi ilipotarajiwa. Hapo dopamini inafanya kazi ya kulinganisha kilichotarajiwa na kilichopatikana, na kwa njia hiyo mnyama hujifunza.

Na bado hatujaimaliza. Kufa kwa seli za dopamini katika eneo fulani la ubongo ndiko kunakoleta mtetemeko na ukakamavu wa ugonjwa wa Parkinson. Kutoka haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, dopamini hiyohiyo huzuia prolaktini, homoni inayochochea utengenezaji wa maziwa ya mama. Kemikali haina maana inayobebwa kila iendako. Maana hutokana na seli inayoipokea na mahali ilipo. Mtu anayejitenga na simu kwa siku mbili ili "kufunga dopamini" huenda akapata utulivu, sina neno na hilo, lakini hakuna tangi alilolipumzisha lijae upya.

"Sonona ni upungufu wa serotonini"

Dawa nyingi za sonona huongeza serotonini, kemikali nyingine ya ujumbe, kwenye maungio ya seli za neva ndani ya saa chache. Nafuu kamili, kwa kawaida, huchukua wiki kadhaa. Kama tatizo lingekuwa upungufu tu, pengo hilo la muda lisingeeleweka. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi na hawakupata ushahidi thabiti kwamba wenye sonona wana serotonini kidogo kuliko wengine.

Wengi walipoisikia habari hiyo waliruka upande wa pili: basi dawa ni ulaghai. Hapana, hayo ni maswali mawili tofauti. Dawa ya maumivu hutuliza kichwa, na hakuna anayedai kichwa kiliuma kwa kukosa dawa. Majaribio yanaonyesha kwamba dawa za sonona, kwa wastani, huzidi vidonge bandia kwa kiasi, wengine zikiwafaa sana na wengine hata kidogo. Anayezitumia asiziache ghafla bila daktari.

"Testosteroni ndiyo inayomfanya mwanamume kuwa hivyo alivyo"

Mshale unakwenda pande zote mbili: homoni hii husukuma mwenendo, na mwenendo huisukuma homoni. Katika utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 600 nchini Ufilipino, uliochapishwa mwaka 2011, waliopata watoto walishuka testosteroni kuliko waliobaki bila watoto, na waliotumia saa nyingi kuhudumia watoto wao ndio waliokuwa na kiwango cha chini zaidi. Hapo mwenendo ndio ulioisukuma homoni.

"Ni jeni, hakuna la kufanya"

Jeni, kwa kawaida, ni maelekezo ya kutengeneza protini, na hakuna protini inayoitwa hasira. Mwaka 1993 Han Brunner na wenzake walieleza ukoo mmoja wa Uholanzi ambamo baadhi ya wanaume walikuwa na jeni ya MAOA, ya kimeng'enya kinachovunja kemikali kama dopamini na serotonini, isiyofanya kazi kabisa na walikuwa na historia ya vitendo vya ukali. Hitilafu hiyo ni nadra mno. Hata hivyo, aina nyingine ya jeni hiyohiyo, ambayo watu wengi tu wanayo, ikabandikwa jina la jeni ya vita. Avshalom Caspi na wenzake walipowachunguza vijana wa Dunedin, New Zealand, mwaka 2002, aina hiyo iliambatana na utovu wa nidhamu hasa kwa waliotendewa vibaya utotoni.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ugonjwa wa fenilketonuria. Ni wa kurithi: mtoto hukosa kimeng'enya cha kuvunja fenilalanini, kijenzi cha protini kilichomo kwenye chakula, ambayo hurundikana na kudumaza ubongo. Tangu miaka ya 1960, kwa kipimo cha Robert Guthrie, matone machache ya damu ya kisigino cha mtoto mchanga hutosha kuugundua. Akilishwa chakula chenye fenilalanini kidogo tangu mwanzo, hukua na akili timamu. Jeni haikuguswa.

Hata asilimia za urithi husomwa vibaya. Kusema sifa fulani ina urithi wa asilimia 50 ni kuzungumzia tofauti kati ya watu katika kundi fulani, wala si kwamba nusu ya sifa yako imetoka kwa wazazi. Fikiria idadi ya vidole: jeni ndizo zinazotujengea vitano kila mkono, lakini tofauti nyingi tunazoziona hutokana na ajali. Kipimo cha urithi kwa idadi ya vidole kwa hiyo ni kidogo sana.

"Ubongo wa mtu mzima haubadiliki"

Eleanor Maguire aliwapima madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 alionyesha kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu, ilikuwa kubwa kuliko ya wengine. Je, labda wenye hipokampasi kubwa ndio wanaoipenda kazi hiyo? Alifuatilia wanafunzi wa udereva kwa miaka kadhaa, na mwaka 2011 jibu likatoka: waliofaulu waliongezeka eneo hilo, walioshindwa hawakuongezeka. Madereva hao walilipa kwa namna fulani, kwani katika baadhi ya vipimo vya kukumbuka michoro mipya walikuwa nyuma ya wengine. Na michezo ya simu inayouzwa kama mazoezi ya ubongo isijifiche nyuma ya utafiti huu: anayecheza mchezo wa kukumbuka namba huwa hodari wa mchezo huo, na ushahidi kwamba uhodari huo unahamia kwenye kazi nyingine ni dhaifu.